Nguvu iko kwenye kushuka: shajara ya wiki 24 za yoga, Tanga

Jumapili, 7 Januari 2024

Jana jora la kitambaa cha sare lilinishinda. Ni jora moja tu, kilo 16. Niliinama kulitoa sakafuni nilipandishe kwenye meza ya kukatia, kiuno kikakataa kwanza, mikono ikafuata. Nikamwita kijana wa duka la jirani. Akalitupia begani, akalilaza mezani, akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama na mkasi mkononi.

Nina miaka 43, na 19 kati ya hiyo nimeikalia cherehani. Siku ya kazi nyingi nakaa saa nane, karibu na sikukuu hata kumi. Mabega yamekuja mbele, shingo haigeuki vizuri upande wa kushoto. Binti wa kaka yangu anasomea fiziotherapia, na ndiye aliyenitajia yoga. Nilimwambia yoga ni ya kujinyoosha, mimi nataka nguvu. Akasema, "Shangazi, fanya mkao mmoja tu ninaokutumia, halafu uniambie kama huko ni kujinyoosha."

Kwa hiyo naanza leo na naandika kila kitu. Vipimo vya kuanzia: uzito kilo 71. Ubao, yaani kujishikilia juu ya viganja na vidole vya miguu huku mwili umenyooka, sekunde 19, za mwisho nikitetemeka. Mkao wa kiti, magoti yamekunjwa kama mtu aliyekaa lakini chini hakuna kitu, sekunde 22. Kuinuka kutoka sakafuni bila kushika chini, siwezi. Huo mkao alionitumia, ambao nitaueleza, sifuri kabisa.

Muda wangu ni nusu saa baada ya swala ya alfajiri, siku nne kwa wiki. Mkeka wa ukili unateleza kwenye sakafu ya saruji, nimeushonea vipande vya tyubu ya baiskeli upande wa chini. Sasa hauendi popote.

Jumapili, 14 Januari

Wiki nzima ni salamu za jua. Mzunguko mmoja una hatua 12: unasimama, unainua mikono, unainama, unarudisha mguu nyuma, unakuwa ubao, unashuka, unainua kifua, unapandisha makalio juu kama mbwa anayejinyoosha, unarudi. Mizunguko mitano inanitoa jasho kuliko kufagia ua.

Ugumu wote uko pale katikati, kutoka kwenye ubao kwenda chini. Huo ndio mkao alionitumia binti yetu. Kwa Kisanskriti unaitwa chaturanga dandasana: chatur ni nne, anga ni kiungo, danda ni fimbo. Mwili umenyooka kama fimbo, umeshikwa na viganja viwili na vidole vya miguu miwili tu, viwiko vimekunjwa vikibana mbavu, kifua kiko kama shibiri moja juu ya sakafu. Nimeamua kuuita fimbo.

Jana jioni nilimpigia binti yetu kwa video. Shikamoo, marahaba, nikaiegemeza simu kwenye ndoo nikamwonyesha. Aliniacha nimalize mizunguko miwili kisha akasema, "Shangazi, unaanguka. Hushuki."

Nimeliwaza neno hilo tangu jana. Ni kweli. Nikifika kwenye ubao viwiko vinaachia mara moja, tumbo linagonga mkeka, kisha naendelea na hatua inayofuata kana kwamba ile nimeifanya. Nimefanya mizunguko mingi wiki hii, na kila mmoja nimeiruka sehemu yenye kazi.

Alinieleza hivi. Msuli una kazi ya namna tatu: kujikunja ukiinua mzigo, kukaa palepale ukiushikilia, na kurefuka huku ukiuzuia mzigo usiporomoke. Katika hiyo ya tatu msuli unahimili uzito mkubwa kuliko katika ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu asiyeweza kujisukuma kutoka sakafuni hata mara moja anaweza kujishusha kwa utaratibu, na kule kujishusha kwenyewe kunamjengea nguvu ya kujisukuma. Kwa hiyo nisihangaike na kupanda. Nishuke kwa hesabu ya tano, niweke magoti chini, nijisukume nikiwa nimepiga magoti, nianze tena.

Jumapili, 28 Januari

Hesabu ya tano sakafuni ilikuwa ndoto. Nikifika mbili naanguka. Nguvu sina, na kurudia kuanguka hakutaniletea.

Nimepata njia dukani kwangu mwenyewe. Kadiri mikono inavyokuwa juu, ndivyo mzigo unavyopungua. Nilianza na ukuta: nimesimama, viganja ukutani, nashuka kuelekea ukutani kwa hesabu ya tano. Rahisi mno. Nikaenda kwenye meza ya kukatia. Hapo pananifaa. Viganja kwenye ukingo wa meza, miguu nyuma, mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kisogoni, nashuka mpaka kifua kinakaribia ubao wa meza. Mara sita, kwa hesabu ya tano, seti tatu. Ya mwisho naifikia kwa taabu lakini siporomoki.

Ngazi yangu ni hii: meza, kisha benchi la wateja, kisha kidato cha mlangoni, kisha sakafu. Sitateremka hatua nyingine mpaka nimeweza mara nane kwa seti tatu bila mwili kukatika kiunoni.

Nimefurahi kujua kwamba kutumia samani siyo kujidanganya. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyezaliwa 1918, alikulia kwenye maradhi: malaria, taifodi, kifua kikuu. Alifundishwa na shemeji yake Krishnamacharya kule Mysore akiwa kijana dhaifu, baadaye akahamia Pune, na huko akawa anawapa wanafunzi wake viti, mikanda, matofali na kamba ili kila mwili upate mahali pa kuanzia. Alifariki 2014 akiwa na miaka 95. Mikanda yangu ni kanga iliyokunjwa, na matofali ninayo mawili, nimeyashonea foronya.

Jumapili, 4 Februari

Leo nilitaka kujua nabeba nini hasa. Nina mizani ya kupimia uzito nyumbani. Niliiweka sakafuni, viganja vyote viwili juu yake, miguu nyuma, nikawa ubao. Mwanafunzi wangu wa cherehani akapiga goti pembeni kusoma namba, maana mimi nikiinamisha kichwa mwili unabadilika.

"Fundi, arobaini na nane na nusu."

Nikashuka nusu ya njia, nikashikilia. Akasoma haraka: hamsini na tatu. Hapo nikaanguka, ila namba tulikuwa tumeipata. Kisha nikapiga magoti, tukapima tena: 38.

Nilikaa kwenye mkeka nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kati ya kilo zangu 71, mikono inabeba karibu asilimia 68 nikiwa juu, na karibu 75 nikiwa chini. Kumbe mzigo unaongezeka kadiri unavyoshuka! Hakuna aliyenitwisha kitu, lakini mikono iliyoshindwa na jora la kilo 16 ilikuwa na kilo 53 juu yake. Sasa naelewa kwa nini nilikuwa naporomoka, na naelewa kwa nini meza inanisaidia. Sitasema tena kwamba yoga ni kujinyoosha.

Jumapili, 18 Februari

Benchi limeanza. Mara tano, seti tatu.

Lakini kifundo cha mkono wa kulia kinauma tangu Jumatano, na ni mkono wa mkasi, sina mchezo nao. Kosa ni langu: nilikuwa naongeza siku, badala ya nne nikafanya sita, kwa sababu niliona namba zinapanda. Pia nilikuwa naweka uzito wote kwenye kitako cha kiganja. Nimerekebishwa hivi: vidole vitanuliwe kama mtu anayepima shibiri, kisha mzizi wa kidole cha shahada na wa kidole gumba ubanwe chini mpaka usione mwanya. Ukifanya hivyo unahisi msuli wa mkono chini ya kiwiko unaamka, na kifundo kinapumua. Nimepumzisha fimbo siku tano. Nimefanya ubao juu ya viwiko, kiti, na mashujaa.

Mashujaa sijawahi kuwaandika. Ni mikao ya miguu: mguu mmoja mbele umekunjwa goti, mwingine nyuma umenyooka, mikono imetandazwa. Kiti sasa ni sekunde 45, shujaa dakika moja kila upande. Mapaja yanawaka.

Binti yetu amenitahadharisha nisidhani misuli imeshakua. Nguvu ya wiki za mwanzo inatokana zaidi na ubongo kujifunza kuziamsha nyuzi za msuli ambazo zilikuwepo zimelala. Msuli wenyewe kunenepa huja baadaye, baada ya wiki nyingi za kazi na chakula. Nilimuuliza kama basi nguvu hii ni ya uongo. Akasema hapana, ni nguvu kamili, ila tepu ya kupimia haitaiona. Nimepima mkono kwa tepu yangu ya kazi: sentimita 31, ileile ya Januari.

Jumapili, 25 Februari

Jirani yangu, mtu wa miaka mingi na mimi, alinifuata dukani. "Mwenzangu, hiyo si ibada ya Wahindi? Na mwezi mtukufu huu unakuja."

Swali lake ni la haki na nililijibu kwa heshima. Yoga ina chimbuko katika dini za India, na kwa wengi huko mpaka leo ni sehemu ya ibada. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza ile inayochanganywa na ibada na maneno ya dini nyingine. Saudi Arabia mwaka 2017 iliruhusu ifundishwe kama mchezo. Mimi siimbi kitu, sitamki neno la sala isiyo yangu, nia yangu ni mgongo na mikono. Nimeshaswali ndipo naukunjua mkeka, na mkeka wa mazoezi si mswala wangu. Aliniangalia muda, kisha akaniomba nimwonyeshe ule wa kiuno.

Jumapili, 10 Machi

Benchi: mara nane, seti tatu. Hatua imekamilika. Kifundo kimepona. Jumanne tunatarajia kuanza kufunga, kwa hiyo sishuki kwenye kidato kwa sasa. Mpango wa Ramadhani ni kulinda nilichonacho. Nitajinyoosha nusu saa kabla ya futari, taratibu, bila kutafuta jasho, kisha mara mbili kwa wiki baada ya tarawehe nifanye benchi na kiti, seti mbili tu. Maji kwanza.

Jumapili, 14 Aprili

Idi ilikuwa Jumatano. Nilishona magauni mpaka usiku wa mwisho, na siku za tarawehe nilizofanya mazoezi hazikufika nane nilizozipanga. Zilikuwa tano.

Nilidhani nimerudi Januari. Nilipojaribu benchi juzi nilifanya mara saba, seti tatu. Kwa hiyo mwezi mzima wa kazi ndogo umeninyima mara moja tu. Nimeshukuru, na nimeshuka kwenye kidato: mara nne.

Jumapili, 28 Aprili

Kuna upungufu kwenye yoga, na nauandika kwa sababu naipenda. Angalia mikao yote ninayoifanya: ubao, fimbo, mbwa, hata ile ya kuinua kifua. Yote ni kusukuma. Mikono inaisukuma sakafu. Hakuna mahali ambapo mikono inavuta kitu kizito kuja kwako, na jora lile kulitoa chini ni kuvuta. Anayesukuma tu bila kuvuta, mabega yanazidi kwenda mbele, na yangu yalishakwenda zamani kwa ajili ya cherehani.

Dawa ilikuwa uani kwa jirani. Ana kisima cha zamani cha kamba, nacho ndicho tunachokimbilia bomba likikatika. Nimemwomba niwe namtekea maji siku tatu kwa wiki. Ndoo ya lita 10, kamba ya katani, mkono kwa mkono. Nasimama kama kwenye kiti, magoti yamelegea, kiuno kimenyooka, viwiko vinapita kando ya mbavu, na kila mvuto najaribu kuyakutanisha mafupa ya mabega nyuma. Ndoo ya kwanza siimimini. Nikishaifikisha juu naishusha tena ikiwa imejaa, taratibu, mkono kwa mkono, mpaka inagusa maji. Hapo ndipo mgongo wa juu unafanya kazi ambayo sijawahi kuihisi. Ndoo ya pili na ya tatu zinakwenda kwenye pipa.

Viganja vimeota sugu. Jirani anasema pipa lake halijawahi kujaa hivi.

Jumapili, 12 Mei

Chakula kwa ufupi. Nilikuwa nakunywa chai na andazi asubuhi na kula vizuri usiku. Sasa asubuhi ni mayai mawili, kila moja lina kama gramu 6 za protini, mchana maharage au kunde, jioni dagaa au samaki kama soko limeniruhusu. Sikupunguza ugali. Uzito umepanda mpaka kilo 72 na viuno vya sketi zangu vimelegea. Tepu ya mkono: sentimita 32.

Kidato: mara nane, seti tatu. Nimeshuka sakafuni.

Jumapili, 26 Mei

Sakafuni kwa hesabu ya tano: mara tatu. Nimejirekodi nikajitazama. Mabega hayapiti chini ya viwiko, na hilo ndilo nililoambiwa nilichunge kuliko yote, maana bega likizama chini ya kiwiko mzigo wote unahamia kwenye mishipa ya mbele ya bega. Tumbo halibembei. Shibiri moja juu ya mkeka, nikashikilia kwa pumzi mbili, nikaweka magoti.

Alhamisi jora la sare likaja tena, la shule ileile. Lilikuwa sakafuni nami nilikuwa nabishana na mteja kuhusu pindo. Nikachuchumaa kama kwenye kiti, nikalivuta kifuani, nikasimama nalo, nikaliweka mezani, nikaendelea na pindo. Niligundua nimeliinua pale mwanafunzi wangu alipoacha kukanyaga cherehani akanitazama.

Sasa kiti nakifanya nikilikumbatia jora. Uzito wa mwili peke yake haukuwa unaisumbua tena miguu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeruhusiwa kujaribu korongo. Unachuchumaa, viganja chini, magoti yanapanda juu ya mikono karibu na kwapa, unainamia mbele mpaka miguu inaondoka sakafuni yenyewe. Kwa Kisanskriti baka ni korongo na kaka ni kunguru, na waalimu wengi huwatofautisha kwa viwiko: korongo kainyoosha mikono, kunguru kaikunja. Mimi ni wa kunguru. Nimeweka mto mbele ya uso na nimeuangukia mara nne. Mara ya tano miguu ilikaa hewani sekunde mbili.

Huu nao ni fimbo iliyobadilishwa sura. Viwiko ni vilevile, mbavu ni zilezile, kuinamia mbele ni kushuka kulekule. Nisingejifunza kujizuia nikishuka, nisingethubutu kuupeleka uzito mbele ya viganja.

Jumapili, 23 Juni

Ijumaa ilikuwa tarehe 21 Juni, siku ya kimataifa ya yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 kwa pendekezo la India. Mimi nilikuwa na magauni ya harusi. Nilifanya vipimo jana.

Ubao: dakika 1 na sekunde 50. Kiti bila jora: dakika 2. Fimbo sakafuni, hesabu ya tano kushuka: mara sita. Kujisukuma kurudi juu bila magoti: mara mbili, na hiyo sikuwahi kuifanyia mazoezi hata siku moja, imekuja yenyewe kwa kushuka. Kuinuka sakafuni bila kushika chini: naweza. Kunguru: sekunde nne. Shingo inageuka pande zote mbili.

Mama alikuja juzi kukaa nami kwa wiki mbili. Ana miaka 74. Nimemtazama anavyokaa: anageuka, anatafuta kiti kwa mkono, kisha magoti yanaachia na anadondoka mpaka kiti kinalia. Kuinuka anaweza akishika meza. Nilimpigia binti yetu, akaniambia presha ya bibi ipimwe kwanza, na asizuie pumzi hata kidogo, ahesabu kwa sauti ili pumzi itoke. Tulikwenda kupima jana asubuhi, iko sawa.

Nimekiegemeza kiti kirefu ukutani, nimekiongezea mto, nikasimama mbele yake nikamshika mikono. "Mama, usikae. Kikaribie tu kiti, polepole." Akahesabu moja, mbili, kwenye tatu akatua. Akacheka, akataka tena.

Ukurasa wake unaanza hapa. Mama, 23 Juni: kiti chenye mto, hesabu ya tatu, mara tano, mikono imeshikwa. Jumatano tutajaribu kwa mkono mmoja.